Baraza kivuli la Umoja wa Mataifa: safari ya mwanafunzi huanzia darasani

Na Mwandishi Wetu

Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari kutoka nchi za Afrika Mashariki wamekuwa wakikutana Gigiri, jijini Nairobi, kushiriki baraza kivuli la Umoja wa Mataifa. Katika mkutano huo kila mshiriki hupangiwa nchi ya kuiwakilisha, husoma msimamo wake, huutetea mbele ya wenzake na kupiga kura kwa niaba yake. Gigiri ndiko yaliko makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira na lile la Makazi, na ndiyo ofisi kuu pekee ya Umoja huo barani Afrika.

Kwa mwanafunzi anayetoka Arusha, safari yenyewe ni ya takriban kilomita 270 na hukamilika ndani ya siku moja. Tangu kuzinduliwa kwa Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani Namanga mwezi Desemba 2018, taratibu za kutoka Tanzania na kuingia Kenya hukamilishwa katika jengo moja. Hata hivyo, mzazi anapaswa kujiandaa mapema, kwa kuwa maombi ya pasipoti ya mtoto aliye chini ya umri wa miaka 18 huhitaji cheti cha kuzaliwa pamoja na ridhaa ya mzazi au mlezi.

Swali ambalo wazazi wengi hujiuliza ni iwapo gharama ya nauli, malazi na ada ya ushiriki inalingana na faida inayopatikana. Jibu la swali hilo linategemea zaidi kazi inayofanyika shuleni kabla ya safari kuliko siku chache za mkutano.

Mathalani, mwanafunzi aliyekulia chini ya Mlima Meru anaweza kupangiwa kuiwakilisha Saudi Arabia, mzalishaji mkubwa wa mafuta, katika mjadala wa mabadiliko ya tabianchi. Huenda yeye mwenyewe ameshuhudia ukame ukiangamiza mifugo ya jirani zake, lakini ukumbini anatakiwa kueleza kwa nini nchi inayotegemea mauzo ya mafuta haiko tayari kuachana nayo kwa haraka. Ili aweze kufanya hivyo, hana budi kuufahamu Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 na uamuzi wa mwaka 2022 wa mkutano wa Sharm el-Sheikh, nchini Misri, wa kuanzisha mfuko wa kufidia hasara na madhara kwa nchi zilizo hatarini zaidi. Kanuni humtaka aseme "ujumbe wa Saudi Arabia unaona", wala si "mimi naona".

Zoezi hilo halimlazimu mwanafunzi kuacha imani yake. Linamfundisha kwamba upande wa pili wa meza nao una hesabu zake, na kwamba asiyezijua hesabu hizo hawezi kupata makubaliano. Ndiyo maana azimio huandikwa na nchi kadhaa kwa pamoja. Aya za utangulizi hueleza sababu, aya za utekelezaji hueleza hatua za kuchukuliwa, na neno moja kama "inahimiza" badala ya "inazitaka" linaweza kuokoa au kuangusha kura nyingi.

Kanuni za kura nazo zina uzito wake. Katika Baraza Kuu kila nchi kati ya 193 ina kura moja. Katika Baraza la Usalama lenye wajumbe 15, nchi tano zenye viti vya kudumu zina kura ya turufu. Tanzania inaifahamu kanuni hiyo kwa uzoefu. Mwaka 1981 Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa ameongoza kikao cha 34 cha Baraza Kuu kilichoanza mwaka 1979, aligombea nafasi ya Katibu Mkuu na kukwama kutokana na pingamizi la Marekani, huku China ikimzuia Kurt Waldheim wa Austria. Hatimaye nafasi hiyo ilikwenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Mwanafunzi anayekijua kisa hicho huingia ukumbini akiwa na picha halisi ya namna dunia inavyoendeshwa.

Dkt. Salim aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, umri ambao leo vijana wengi bado wako chuoni. Historia hiyo inaonesha kwamba kumwandaa kijana mapema kwa kazi ya diplomasia si jambo geni nchini.

Changamoto iliyopo ni nani anayepata nafasi hiyo. Pale familia inapobeba gharama, wanaosafiri huwa ni wale wenye uwezo. Lugha nayo ni kikwazo, kwani mijadala ya mikutano hiyo huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, ilhali wanafunzi wengi nchini wamesoma elimu ya msingi kwa Kiswahili. Kijana mwenye hoja nzito anaweza kunyamaza kwa kukosa msamiati tu.

Kikwazo hicho kinaweza kupunguzwa bila kusubiri safari. Baraza kivuli linaweza kufanyika katika shule yoyote yenye darasa, vibao vya majina ya nchi, nakala ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa na mwalimu aliye tayari kusimamia. Mijadala ya awali inaweza kuendeshwa kwa Kiswahili, lugha iliyopitishwa na Umoja wa Afrika kuwa lugha ya kazi mwezi Februari 2022, kisha wanafunzi wakahamia kwenye Kiingereza baada ya hoja kuwakaa vizuri.

Kwa utaratibu huo, wanaokwenda Nairobi watachaguliwa kutokana na walivyojadili mbele ya wenzao, na shule itakuwa na sababu ya kuwatafutia nauli wasio nayo. Wakirejea, watakuwa na baraza linalowasubiri kusikia walichojifunza, na mwanafunzi aliyebaki hatakuwa ameachwa nje ya safari hiyo.