Uvira: Maji ya gari ya nchi za baridi hayana kazi hapa, lakini yanaweza kuua

Katika nchi zenye theluji, dereva asiyebadilisha maji ya kuoshea kioo cha mbele kabla ya baridi kali anaweza kuyakuta yameganda na tangi limepasuka. Ndiyo maana huko huuzwa maji maalum, mara nyingi ya rangi ya bluu, yaliyochanganywa na alkoholi isiyoganda kirahisi. Je, dereva wa Uvira anayahitaji?

Jibu ni hapana. Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 770 hivi, na joto halishuki hata karibu na sifuri. Hata anayepanda milima ya Ngomo kuelekea Bukavu hukuta ukungu na baridi, si barafu. Adui wa kioo kwenye barabara ya taifa namba 5, kutoka Uvira kupitia Kiliba, Sange na Luvungi, ni vumbi la kiangazi na matope ya mvua.

Hatari iko ndani ya chupa. Alkoholi inayotumiwa katika baadhi ya maji hayo ni metanoli. Mtu akiinywa, mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Kiasi kidogo chaweza kupofusha au kuua. Umoja wa Ulaya, baada ya watu kufa kwa kuyanywa kama pombe ya bei rahisi, ulipitisha sheria mwaka 2018: maji hayo yasiuzwe kwa raia wa kawaida yakiwa na metanoli inayofikia asilimia 0.6.

Kwetu chupa tupu haitupwi. Hutiwa maji, mafuta ya kula au petroli. Maji ya bluu yakihamishiwa chupa ya soda, mtoto hawezi kujua. Tena gari nyingi hufika hapa zikiwa zimeshatumika ng'ambo, na tangi lake laweza kuwa bado na maji ya huko. Fundi asiyavute kwa mdomo.

Aliyekunywa apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe. Kungoja ni kosa: mwanzoni huonekana kama mlevi tu, na dalili mbaya zaweza kuchelewa hata siku nzima.

Kinachofaa Uvira ni rahisi. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi yanatosha, pamoja na matone machache ya sabuni ya maji. Maji ya ziwa yana madini mengi, huacha madoa meupe kwenye kioo. Sabuni ya unga huziba matundu ya kurushia maji. Maji yasiachwe humo miezi: mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walihusisha maji matupu ya tangi hilo na homa ya mapafu inayoletwa na bakteria. Mpira wa kufutia kioo nao ukikauka kwa jua, ubadilishwe.

Kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini ni ya OCC, na mpaka wa Kavimvira uko mlangoni mwa mji. Lakini ukaguzi wa kwanza ni wa mnunuzi: akisoma neno « méthanol » kwenye chupa, airudishe. Akiba hiyo ya pesa inunue mpira mpya wa kufutia kioo, ambao vumbi la Sange linaudai kila siku.