Jina la Attenborough: asili yake na uchache wake

Mtu akiitwa Smith kule Uingereza, hakuna amwulizaye kama ni ndugu ya Smith mwingine. Wenye jina hilo ni zaidi ya nusu milioni, nao wametokea kwa wahunzi wa kila kijiji, maana Smith ndiyo mhunzi. Lakini mtu akijitaja kuwa ni Attenborough, mara huulizwa: «Wewe ni wa jamaa ya yule wa sinema?» Juma hili, wasomaji wapenzi, twataka kueleza kwa nini swali hilo si la upuzi, na jinsi wataalamu walivyolichungua hata wakapata jibu lililowastaajabisha wengi.

Kwanza tuwataje walioliletea jina hili sifa. Ni ndugu wawili. Richard Attenborough alicheza na kuongoza filamu. Ile aliyoitengeneza juu ya Gandhi, mwaka 1982, ilipata zawadi nane za Oscar. Alifariki mwaka 2014. Mdogo wake David, aliyezaliwa mwaka 1926, amejulikana duniani kote kwa filamu za wanyama na mimea. Wasomaji wetu wa Kivu watapenda kujua kwamba mwaka 1978 alipigwa picha akiketi katikati ya ngagi wa milima ya Virunga, upande wa Rwanda, huku watoto wao wakichezea viatu vyake. Baba yao, Frederick, alikuwa mkuu wa chuo cha Leicester tangu mwaka 1932 mpaka 1951. Msomaji alishike jina la mji huo, kwa kuwa tutalikuta tena.

Sasa tuingie katika asili. Kwetu Kongo wengi wamezoea desturi nyingine. Katika nyumba moja baba ana jina lake, mtoto wa kwanza amepewa la babu, wa pili la shangazi, wa tatu jina la jambo lililotokea siku alipozaliwa, na wote ni ndugu kabisa. Atakaye kujua ukoo wao yampasa kuuliza. Kusoma majina tu hakumtoshi. Waingereza wa kale nao hawakuwa mbali na hayo. Kabla ya mwaka 1066 mtu wa kawaida alikuwa na jina moja tu, na akihitaji kutofautishwa na mwenziwe aliongezewa neno: fulani mwana wa fulani, fulani mhunzi, fulani wa kilimani, fulani mwekundu. Neno hilo halikurithiwa. Mwana wa mhunzi akiwa mwokaji wa mikate, aliitwa mwokaji.

Mwaka huo wa 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa, wakaitwaa nchi. Wakubwa wao walikuwa wameanza kuyashika majina ya mashamba yao na kuwaachia wana wao, maana jina lilisaidia kuthibitisha urithi wa ardhi. Desturi ikashuka polepole kwa wafanya biashara, kisha kwa wakulima. Serikali nayo ilitaka kujua nani amelipa kodi na nani hajalipa. Kodi za kichwa za miaka 1377, 1379 na 1381 zilijaza daftari nyingi sana za majina. Ilipofika karibu na mwaka 1400, Waingereza walio wengi walikuwa na jina la kurithi kwa baba. Baadaye vikaja vitabu vya parokia. Mwaka 1538 kila parokia ya Uingereza iliamriwa kuandika mabatizo, ndoa na maziko. Kanisa Katoliki liliwaamuru maparoko kuandika ndoa katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1563. Atafutaye wazee wake huko Ulaya, vitabu hivi ndivyo msaada wake mkubwa.

Jina la Attenborough lilitoka wapi basi? Kuna maelezo mawili. La kwanza lasema limetoka kwa kijiji kiitwacho hivyo hivyo, kando ya mto Trent, karibu na mji wa Nottingham. Sehemu ya mwisho ya jina la kijiji, katika Kiingereza cha kale, ni boma. Ya mwanzo ni jina la mtu, mwenye boma. Kijiji hicho kina kanisa la zamani la Bikira Maria. Mtu aliyehama hapo akaenda kukaa kijiji kingine, wenyeji wake wapya walimwita «wa Attenborough», kama sisi tusemavyo mtu wa Kasongo au mtu wa Uvira. Majina mengi ya namna hii hupewa aliyeondoka, si aliyebaki; kijijini mwenyewe kila mtu angestahili kuitwa hivyo, na jina lisingemtofautisha yeyote. Maelezo ya pili yasema kwamba «atten» ni maneno ya kale yenye maana ya «kwenye», na yaliyofuata ni kilima au kichaka cha miti. Kwa maelezo hayo, jina laweza kumpata mtu yeyote aliyejenga penye kilima, mahali popote.

Msomaji ataona kwamba tofauti hii si ya waalimu wa lugha peke yao. Maelezo ya pili yakiwa kweli, kungekuwa na akina Attenborough wengi wasiohusiana, kwa maana vilima havikosekani. Maelezo ya kwanza yakiwa kweli, huenda wote ni wa mtu mmoja. Kwa vitabu tu shauri hilo halikuweza kukatwa. Makarani waliandika kama masikio yao yalivyosikia, wakaliandika jina kwa namna mbalimbali, kama makarani wa kwetu walivyoyafanya majina ya wazee wetu, hata ndugu wawili wa tumbo moja wakawa na vitambulisho visivyopatana.

Twende kwa uchache. Wenye jina hili, ukiwakusanya wote walioko Uingereza, wangeketi kwa raha katika uwanja mmoja wa mpira, na nchi ile ina watu karibu milioni 70. Tangu zamani wengi wao walionekana katika wilaya za Nottinghamshire na Derbyshire. Huyo Frederick tuliyemtaja alizaliwa Stapleford, mji ulio mwendo mfupi kwa miguu kutoka kijiji cha Attenborough. Hivi karne zaidi ya tano zilipita na mwenye jina alikuwa bado karibu na boma.

Kwa nini jina moja liwe na watu nusu milioni na jingine liwe na wachache? Mwaka 1873 Francis Galton, jamaa ya Charles Darwin, aliuliza swali hilo katika gazeti moja la walimu. Alikuwa ameona kwamba koo nyingi za watu wakuu zimekwisha, akataka kujua kama ni kwa udhaifu wao au kwa bahati tu. Aliyemjibu ni Henry William Watson, mchungaji wa Kianglikana aliyekuwa mwanahesabu pia, na kazi yao ilitokea mwaka 1874. Tuifuate njia yao kwa mfano mdogo wa kwetu.

Tuseme kuna wanaume 27, kila mmoja na jina lake peke yake. Tisa hawapati mtoto wa kiume, tisa wanapata mmoja, tisa wanapata wawili. Wana wote waliozaliwa ni 27, hawakupungua hata mmoja. Lakini majina tisa yamekufa. Hao wana nao wazae kwa kadiri ile ile: katika nyumba tisa zenye mwana mmoja, tatu zinakosa mjukuu wa kiume, katika nyumba tisa zenye wana wawili, moja inakosa kwa wana wote wawili. Sasa majina 13 yamekufa, yamebaki 14, na wanaume wangali 27! Endelea hivyo, na kila mara majina yatapungua, na yaliyobaki yatajaa watu zaidi. Hakuna mwenye jina lililokufa aliyekuwa mwovu au mgonjwa. Alizaa mabinti, basi. Mchungaji Watson alikosea mwishoni, alipodhani kwamba majina yote lazima yafe hata taifa likiongezeka. Siyo hivyo: watu wakizidi kuzaa, baadhi ya majina huponyoka na kudumu. Bienaymé, Mfaransa, alikuwa amekwisha kulitambua jambo hilo tangu mwaka 1845, lakini kazi yake ilisahauliwa muda mrefu.

Hapa ndipo Leicester inaporudi. Kile chuo cha Frederick kilifanywa Universite mwaka 1957, na mwaka 1984 Alec Jeffreys aligundua humo njia ya kumtambua kila mtu kwa alama za urithi zilizo mwilini mwake. Wataalamu wengine wa hapo hapo, Turi King na Mark Jobling, waliyashika majina ya ukoo. Ndani ya chembe za mwili mna nyuzi ndogo sana za urithi, ziitwazo kromosomu. Uzi mmoja, uitwao Y, wanao wanaume tu. Baba humpa mwanawe wa kiume, naye humpa wake, na mara chache tu hubadilika kidogo. Uzi huo, basi, wafuata njia ile ile ya jina la Kiingereza. Wenye jina moja wakiwa kweli wa mtu mmoja, uzi wao utafanana.

Mwaka 2009 walitangaza matokeo ya majina 40 na wanaume zaidi ya 1,600. Akina Smith walikuwa mchanganyiko kama Waingereza wowote waliookotwa njiani. Kadiri jina lilivyokuwa adimu, ndivyo wenye jina walivyozidi kufanana. Na akina Attenborough? Karibu tisa katika kila kumi walikuwa na uzi wa namna moja, bila kujali jina lao limeandikwaje. Sisi twaona kwamba hayo yaliegemeza sana mizani upande wa mtu mmoja aliyekuwa baba yao, hata kama kilima chatajwa katika kamusi. Yule aulizaye «Wewe ni wa jamaa ya wa sinema?» aweza kujibiwa mara nyingi: ndiyo, lakini ni ndugu wa zamani sana.

Na yule mmoja wa kumi? Wako wanaokimbilia kuwaza uasherati wa mabibi. Tusiwe wepesi hivyo. Yatima aliyelelewa na mume wa pili wa mama yake alishika jina lake. Mtoto asiye na baba aliandikwa kwa jina la mama. Mkwe alilitwaa jina la mke ili arithi shamba. Tena hata nyumba za wafalme hazina hakikisho. Mifupa ya mfalme Richard III ilipofukuliwa Leicester mwaka 2012, uzi wake wa Y haukulingana na wa wanaume walio hai wanaohesabiwa katika vitabu kuwa wa ukoo wake. Mahali fulani katikati mlolongo ulikatika, na vitabu havikusema neno.

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi Waafrika. Miaka miwili kabla ya kazi ile, mwaka 2007, wataalamu hao hao walikuwa wamekuta ajabu nyingine. Katika kuchungua urithi wa wanaume wa Uingereza, walimkuta mmoja, Mwingereza kwa sura na kwa kumbukumbu zote za nyumbani kwake, mwenye uzi wa Y wa namna ambayo ilikuwa haijaonekana ila kwa watu wa asili ya Afrika. Walipoulinganisha, ulikaribia zaidi ule wa Afrika ya Magharibi. Jina lake la ukoo ni adimu, la upande wa mashariki wa Yorkshire. Wakawatafuta wanaume wengine wa jina hilo. Katika 18 waliopimwa, saba walikuwa nao.

Walivifuata vitabu vya mabatizo na ndoa kurudi nyuma, wakawapanga hao saba katika koo mbili, na mzee wa kila ukoo aliishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Hapo karatasi zikanyamaza, bila kuonyesha koo hizo zimekutania wapi. Lakini hesabu ya nyuzi ilionyesha kwamba zilikutana vizazi vichache tu nyuma zaidi. Mwafrika huyo aliingiaje? Labda zamani za Warumi: askari Wamauri, kutoka Afrika ya Kaskazini, walilinda boma la mpakani kule kaskazini ya Uingereza, na Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Libya, alifia York mwaka 211. Labda, na hili twaona lina uzito zaidi, alifika baada ya mwaka 1500, Waingereza walipoanza kusafiri pwani ya Guinea na kuingia katika biashara ya watumwa. Mtu akihesabu wazee wake wa kizazi cha kumi nyuma, ni 1,024. Huyo alikuwa mmoja tu kati yao, ndiyo maana sura haikumwonyesha tena.

Jina la watu hao hatuliandiki hapa. Smith ukimtaja, humtaji mtu yeyote. Lakini jina la watu wachache namna hii ni sawa na kuonyesha mlango wa nyumba yao kwa kidole.