Kisumu yabaki na mgongo wazi wa utamaduni wake

YEYOTE aliyewahi kupita mtaa wa Obunga, kandokando ya jiji la Kisumu, anajua maana ya mgongo wazi. Hiyo ni mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu na kuisafirisha ng'ambo. Akina mama huinunua, huikaanga na kuwauzia majirani zao. Samaki ni wa Ziwa Victoria na mvuvi ni wa Ziwa Victoria, lakini mnofu huliwa Ulaya na mfupa huliwa Obunga.

Tangu viwanda hivyo vilipoenea katika miaka ya 1980, mengi yamesemwa kuhusu hali hiyo. Lisilosemwa sana ni kwamba utamaduni wa ufuo huo nao umekuwa ukifuata njia ile ile ya samaki. Muziki, ufumaji na masimulizi ya watu wa ziwa husafiri mbali na kuwanufaisha wengi, ilhali waliovibuni hubaki na mifupa.

Suala hili linastahili kuangaliwa kwa makini sasa. Mnamo Mei 2022, Kisumu iliandaa mkutano wa tisa wa miji ya Afrika, Africities, uliowaleta maelfu ya wageni. Tangu hapo, wazo kwamba utamaduni unaweza kuwa kiwanda cha kuajiri vijana limekuwa wimbo wa kawaida katika hotuba na mipango ya maendeleo. Swali ni moja: kiwanda hicho kitakuwa mali ya nani?

Funzo la Shenzhen

Wanaotetea viwanda vya utamaduni hupenda kutaja miji ya Uchina, na mfano mzuri ni Shenzhen. Kabla ya kufanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, Shenzhen ulikuwa mji mdogo mpakani na Hong Kong. Mwaka 2004 ulianzisha maonyesho makubwa ya kimataifa ya bidhaa za utamaduni, na mwaka 2008 ukatambuliwa na UNESCO kuwa Jiji la Usanifu.

Ndani ya jiji hilo kuna kijiji cha Dafen. Kuanzia mwaka 1989, wachoraji walikusanyika hapo kunakili kwa rangi za mafuta picha za mabingwa wa Ulaya. Maelfu ya vijana walipata ajira, na picha zao zikauzwa katika hoteli na nyumba za Marekani na Ulaya.

Hata hivyo, msukosuko wa fedha duniani ulipozuka mwaka 2008, maagizo kutoka ng'ambo yalipungua sana. Mwenye kunakili kazi ya mwingine hulipwa ujira wa siku, na ujira huo hukoma mnunuzi anapokoma. Wachoraji wakahimizwa kugeukia kazi za ubunifu wao wenyewe na kutafuta wanunuzi nchini mwao.

Funzo kwa Kisumu ni kwamba ajira ni jambo moja na umiliki ni jambo jingine. Shenzhen ilikuwa na mikono mingi, ikalazimika kutafuta kazi za asili. Kisumu ina kazi za asili tele. Kinachokosekana ni umiliki.

Muziki uliosafiri

Tuchukue muziki wa benga. Mtindo huo ulizaliwa pale vijana wa Kiluo walipozihamishia kwenye gitaa nyuzi za nyatiti na sauti ya orutu. Kufikia miaka ya 1970 ulikuwa umeenea kote nchini na kuvuka mipaka.

Nchini Zimbabwe, mtindo huo uliitwa kanindo. Jina hilo halikuwa la mwimbaji wala la mpiga gitaa. Lilikuwa la Oluoch Kanindo, mtayarishaji aliyetoa na kusambaza santuri hizo, na ambaye baadaye alikuwa mbunge. Kwa hivyo hata jina lililosafiri lilikuwa la mwenye kuuza, wala si la mwenye kuimba.

Santuri zenyewe hazikuwa zikitengenezwa Kisumu. Wanamuziki walipanda basi kwenda Nairobi, au wakarekodi kwa Chandarana mjini Kericho. Wengi waliuza nyimbo zao kwa malipo ya mara moja, wakarudi nyumbani na nauli na sifa. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati ng'ambo ya mpaka nchini Tanzania na kuiongoza bendi ya Shirati Jazz kwa miongo kadhaa, aliheshimiwa kama babu wa benga hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mnamo Mei 2006.

Mfano wa pili ni Ayub Ogada. Mpiga nyatiti huyo aliondoka Kenya katika miaka ya 1980, akapiga ala yake katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London, na mwaka 1993 albamu yake En Mana Kuoyo ikatolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Wimbo wake Kothbiro ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mwaka 2018, mwanamuziki Kanye West wa Marekani alitumia kipande cha rekodi ya Kothbiro ya bendi ya Black Savage, ambayo Ogada alikuwa mmoja wa wanachama wake, katika wimbo Yikes. Ogada alifariki Februari 2019 nyumbani Nyahera, kilomita chache kutoka katikati ya Kisumu.

Tazama safari hiyo. Ala ni ya ufuo wa ziwa, lugha ni ya ufuo wa ziwa, lakini studio, mkataba na kampuni viko ng'ambo. Hakuna aliyeiba. Ogada alikwenda London kwa sababu kwao hapakuwa na kampuni ya kuibeba kazi yake hadi huko ilikofika.

Fedha za usiku

Itakuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba muziki wa ziwa haulipi. Unalipa, ila kwa namna yake. Katika kumbi za Kondele na kwingineko, sehemu kubwa ya mapato hutokana na pakruok, yaani desturi ya kujisifu hadharani kwa malipo. Mteja hutoa noti, muziki hupunguzwa, naye hutajwa kwa jina lake, kijiji chake na hata jina la shemeji yake.

Ndiyo maana nyimbo nyingi za benga na ohangla zimejaa majina ya watu. Msikilizaji mgeni huona ni mapambo. Kwa mwanamuziki, hayo ni mapato na shukrani kwa mfadhili aliyelipia studio au kununua vyombo. Matanga nayo yamekuwa soko la bendi kwa miaka mingi, ingawa maafisa wa utawala wamekuwa wakipiga marufuku disko matanga kwa kuhofia usalama wa watoto, na hofu hiyo si ya bure.

Mfumo huo una nguvu zake. Hauhitaji benki, wakili wala ofisi ya serikali, na mwanamuziki hulipwa usiku uo huo. Umewatunza wasanii wa ohangla na benga wakati ambapo hakuna taasisi iliyowajali.

Udhaifu wake ulidhihirika mnamo Machi 2020, serikali ilipopiga marufuku watu kutoka nje usiku ili kuzuia ugonjwa wa Covid-19. Marufuku hiyo ilidumu hadi Oktoba 2021. Kwa takriban mwaka mmoja na nusu, mwanamuziki wa usiku alikuwa hana usiku. Aliyekuwa na nyimbo zilizosajiliwa kwa jina lake alikuwa na tumaini la kupata chochote kutokana na redio na simu. Asiyekuwa nazo alitegemea hisani.

Sheria zipo

Haiwezi kusemwa kwamba Kenya haina sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kulitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mirabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi ilipitishwa mwaka 2016. Jedwali la Nne la Katiba nalo limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, makumbusho na maktaba.

Isitoshe, marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yaliweka kiwango cha kugawana mapato ya nyimbo zinazosikika mtu anapopigiwa simu. Mwenye kazi hupata asilimia isiyopungua 52, kampuni ya simu asilimia 39.5 na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Kwa msanii aliyezoea makombo, hiyo ni hatua kubwa.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Sheria humlipa mwenye hakimiliki, ambaye huenda asiwe yule aliyeimba. Ikiwa mzee aliuza wimbo wake miaka arobaini iliyopita kwa malipo ya mara moja, asilimia hizo 52 huenda kwa mnunuzi au kwa warithi wa mnunuzi. Ukusanyaji wa mirabaha nao umekuwa na misukosuko. Mwaka 2017 Bodi ya Hakimiliki ilikataa kukipa leseni chama cha muda mrefu cha MCSK, na tangu hapo mizozo ya leseni imefika mahakamani mara kadhaa.

Kuna jambo jingine la dharura. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, utunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Utunzi wa Misiani, kwa hesabu hiyo, unalindwa hadi mwisho wa mwaka 2056. Rekodi yenyewe ya sauti, kwa upande mwingine, hulindwa kwa miaka 50 tangu iliporekodiwa.

Maana yake ni kwamba rekodi za enzi ya dhahabu ya benga zimeanza kutoka kwenye ulinzi, na kila mwaka unapoisha zinatoka nyingine. Haki ya mtunzi ndiyo pekee itakayobaki, na haki hiyo haitakuwa na faida iwapo hakuna hati inayoonyesha nani alitunga nini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kinachowezekana

Wapo watakaosema kwamba kaunti yenye uhaba wa maji na dawa haina nafasi ya kushughulikia nyatiti. Hoja hiyo ina uzito. Katika sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisumu ilikuwa na watu 1,155,574, na mahitaji yao ni mengi. Lakini hatua zenye manufaa zaidi si zile za gharama kubwa.

Ya kwanza ni daftari. Makarani wachache, wakiwa na vinasa sauti na fomu za Bodi ya Hakimiliki, wanaweza kuzunguka Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kuandika kazi za wazee wangali hai. Mwaka 2008, shirika la Ketebul Music lilionyesha kwamba inawezekana lilipotoa kazi iitwayo Retracing the Benga Rhythm, yenye historia ya mtindo huo. Ketebul iko Nairobi. Kazi kama hiyo ingeweza kuwa na makao katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980.

Ya pili ni mahali pa kufanyia kazi. Jiji tayari lina ukumbi wa kijamii unaoitwa kwa jina la Mama Grace Onyango, aliyechaguliwa mwaka 1969 kuwa mbunge wa kwanza mwanamke nchini. Studio ya umma ya bei nafuu, pamoja na siku maalumu za mazoezi na maonyesho, ingemfaa kijana wa Nyalenda kuliko kumbi za mikutano ambazo hana kadi ya kuingilia.

Ya tatu ni ununuzi. Mafundi wa ufuoni wamejifunza kusuka viti, vikapu na mapambo kwa gugumaji, mmea uliowasumbua wavuvi tangu miaka ya 1990. Tangu mwaka 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na walemavu. Ofisi za kaunti zikinunua viti kwa mafundi hao, hawatalazimika kumsubiri mtalii.

Ya nne ni njia ya wageni. Thimlich Ohinga, makazi ya kale yaliyozungushiwa kuta za mawe katika Kaunti ya Migori, yaliorodheshwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa urithi wa dunia. Mgeni anayetua Kisumu anaweza kuunganishiwa ngome hizo, majabali ya Kit Mikayi, ufuo wa Dunga na jioni ya nyatiti katika safari moja, iwapo kaunti hizo zitaacha kila mmoja kuvutia kwake.

Hakuna lolote kati ya hayo litakalomzuia msanii kutafuta soko London au Tokyo, wala halipaswi kumzuia. Mjapani Eriko Mukoyama, ajulikanaye kama Anyango, alikuja ufuoni kujifunza nyatiti na kuipeleka kwao, na hilo ni la kujivunia. Samaki hana budi kuuzwa. Ila safari hii, mwenye ziwa ajue bei ya mnofu kabla ya mashua kutia nanga.