Acheni Barafu Iyeyuke

Jumapili, saa nne usiku. Mzazi amechuchumaa sakafuni na gundi, katoni na chupa ya soda, anaunda roketi. Mwenye homuwaki amelala fofofo. Kesho roketi itapigwa picha, mtoto ataandikiwa kwamba amezidi matarajio, na maisha yataendelea. Roketi safi, siwezi kataa. Lakini hebu muulize huyo mtoto: kule juu kwenye joto kali, mbona chombo hakiungui?

Kimya.

Na jibu lenyewe ni tamu ajabu. Parker Solar Probe, chombo cha Wamarekani kilichorushwa 2018, kimelisogelea jua hadi kilomita milioni 6.1. Ngao yake imeundwa kustahimili karibu nyuzi 1,400. Nyuma yake, vifaa vingi vinakaa kwenye nyuzi kama 30, joto la Mombasa tu. Unene wa ngao? Sentimita 11 na kitu. Ni povu la kaboni, karibu lote nafasi tupu, limebanwa kati ya mabamba mawili ya kaboni. Upande wa jua umepakwa rangi nyeupe. Nyeupe inarudisha mwanga. Nafasi tupu inalinyima joto njia.

Mtoto wa Kayole hahitaji maabara kuelewa hayo. Anajua jiko lenye udongo ndani halichomi nje kama la bati tupu. Mpe barafu, foili, pamba na gazeti. Kila kikundi kiunde ngao yake, kiiweke juani saa sita mchana. Barafu ya nani itadumu?

Msiniambie vifaa ni ghali. Wala msiniambie anga si yetu: 12 Desemba 1970, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka pwani yetu, karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Sisi tulitoa bahari na jina. Hesabu walifanya wengine. Tutatoa jina hadi lini?

Tunachokosa ni ujasiri wa kumwacha mtoto akosee. Barafu nyingi zitayeyuka. Poa. Mhandisi naye huchoma vipande kibao kwenye majaribio kabla ya kuamini kimoja. Sisi tunaona kosa, tunakimbilia kalamu nyekundu.

Mzazi, weka gundi chini ukalale. Mwalimu, usiulize nani ameleta roketi maridadi. Uliza barafu ya nani imeyeyuka kwanza, na kwa nini. Kisha mpe nafasi ajaribu tena.