Faida ya Jozani ilitokana na kipimo, si nguvu

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia bei ya karafuu, sukari na fedha za kigeni. Wiki hii tunawaomba wasomaji watazame mtaji wa aina nyingine, yaani mionzi. Mfano wake uko hapa hapa Unguja, katika msitu wa Jozani.

Kwa miaka mingi mfugaji wa Unguja alisita kununua ng'ombe wa kisasa wa maziwa, kwani mbung'o walieneza nagana, maradhi yanayokondesha mifugo na kuiua. Dawa za kupaka ng'ombe zilipunguza mbung'o, lakini katika vichaka na msitu mnene walisalia. Ndipo mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ikaanza kazi ya kumwaga madume tasa kwa ndege. Mbung'o hao walizalishwa Tanga na kupigwa mionzi ya gama. Jike akipandwa na dume wa aina hiyo hapati mtoto. Hadi mwishoni mwa 1997 madume yapatayo milioni 8.5 yalikuwa yamemwagwa. Mbung'o wa asili wa mwisho alinaswa Septemba 1996.

Siri ya biashara hii ni kipimo. Chembe hai zinazogawanyika upesi, kama zile zinazotoa mbegu za uzazi, hudhurika na mionzi kuliko nyingine. Kipimo kikizidi, dume hudhoofika na kushindwa na wenzake wa porini. Kikipungua, bado anazalisha, na fedha za ndege zimepotea bure. Wala mionzi hiyo haibaki mwilini mwa mdudu, kama baadhi ya watu wanavyohofu.

Utafiti wa kipimo unaendelea duniani. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wataalamu wamelenga chembe moja moja kwa mwale mwembamba, wakihesabu kila punje ya atomi inayoingia. Wamekuta kwamba hata chembe jirani, ambayo haikuguswa, huweza kudhurika. Kwa hiyo anayedhani kwamba hesabu ya mionzi imekwisha kufungwa anajidanganya.

Wapo watakaouliza haya yanamhusu nini mfanyabiashara. Yanamhusu sana. Gharama zilibebwa na serikali na wafadhili, bali faida iko mikononi mwa muuza maziwa, muuza chakula cha mifugo na mnunuzi wa mitamba. Upande wa Bara mbung'o bado wapo, na vyombo huvuka kila siku.

Maoni yetu ni kwamba wanaofaidika wachangie mitego ya ukaguzi Jozani na mafunzo ya vijana wetu katika sayansi ya mionzi. Mchango huo ni mdogo ukilinganishwa na thamani ya zizi moja lililoambukizwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.