Uchambuzi: Breki za mbele na za nyuma, hatari isiyoonekana kwenye miteremko ya Fizi

Katika teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini, ni vigumu kukuta gari la mizigo ambalo bado liko kama lilivyotoka kiwandani. Springi za nyuma zimeongezwa vyuma ili libebe zaidi, bodi imeinuliwa ili ipite kwenye mashimo na matope, na baadhi ya magari yaliyokuja na usukani wa kulia yamehamishiwa usukani kushoto. Wenye magari wana sababu zao, na nyingi zinaeleweka. Lakini mabadiliko hayo huharibu kitu kimoja bila mtu kukiona, nacho ni mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Suala hili si la mafundi peke yao. Barabara ya taifa nambari 5 inayotoka Bukavu na Uvira, kupitia Baraka na Fizi kuelekea Kalemie, ndiyo uti wa mgongo wa biashara ya eneo hili. Tangu Bukavu ilipotekwa na AFC/M23 mwezi Februari 2025, njia ya kaskazini imekuwa ngumu zaidi kwa wafanyabiashara. Gari linalopata nafasi ya kusafiri hupakiwa kadiri linavyoweza, na abiria hukaa juu ya mizigo. Ndagala, chumvi na saruji hupanda kutoka ziwani, huku mihogo, mahindi na mawese yakishuka kutoka milimani. Kwa hiyo wakati wa kushuka, breki ndizo zinazobeba maisha ya watu wote walio juu ya magunia.

Kwa nini mgawanyo ni muhimu

Dereva anapokanyaga breki, uzito wa gari husogea mbele. Magurudumu ya mbele hukandamizwa chini na kushika barabara vizuri, lakini ya nyuma huwa mepesi. Ndiyo maana kiwandani breki za mbele hupewa sehemu kubwa ya kazi. Magurudumu ya mbele yakifunga kwanza, gari hukataa kukata kona, lakini huendelea kwenda mbele moja kwa moja. Ya nyuma yakifunga kwanza, mkia huponyoka na gari linaweza kugeuka kabisa kabla dereva hajapata muda wa kurekebisha usukani. Kwa sababu hiyo, kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 13 kuhusu breki inataka, kwa jumla, mbele itangulie kufikia mwisho wa mshiko wake.

Ugumu upo kwenye magari yanayobeba mizigo. Pikapu tupu ina nyuma nyepesi sana, lakini ikipakiwa, nyuma huwa nzito na huweza kufanya kazi kubwa ya kusimamisha gari. Kwa hiyo magari mengi, kama Toyota Hilux na HiAce za zamani, yaliwekewa valvu chini ya chasisi karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli hiyo. Gari likipakiwa, bodi hushuka, fimbo husukuma valvu, na mafuta ya breki hupita kwa presha kubwa zaidi kwenda nyuma. Mzigo ukishushwa, bodi huinuka na valvu hupunguza presha hiyo. Magari mapya yenye ABS hufanya kazi hii kwa kompyuta, lakini kwenye magari ya zamani fimbo hiyo bado ndiyo inayoamua.

Valvu inapodanganywa

Valvu haipimi kilo. Inachopima ni umbali kati ya bodi na ekseli. Fundi akiongeza vyuma vya springi, gari halishuki tena kama zamani hata likipakiwa kupita kiasi. Lina tani mbili mgongoni, lakini kwa valvu ni kama limebeba magunia machache tu. Presha ya nyuma hubaki ndogo, na breki za mbele hulazimika kuzuia mzigo wote zenyewe.

Kwenye tambarare ya kando ya ziwa, dereva huenda asigundue lolote. Kwenye mteremko mrefu wa kutoka milimani ndipo tatizo hujitokeza. Diski za mbele hupata moto, na moto huo hufika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu wa hewa kwa muda mrefu, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, pedali huzama hadi chini, na gari haliitiki. Watu husema breki "zilikatika", ingawa mara nyingine hakuna kilichokatika: breki za mbele zilifanya kazi ya gari zima hadi zikashindwa.

Kosa la pili ni la kinyume. Valvu ikivuja au kukwama, na ya kuibadilisha haipatikani, fundi huiondoa na kuunganisha bomba moja kwa moja. Dereva hufurahi kwa sababu gari lililopakiwa sasa linasimama vizuri. Hatari huja safari ya kurudi, gari likiwa tupu na barabara ikiwa na tope. Nyuma hupata presha yote, magurudumu hufunga mapema na mkia huteleza kuelekea bondeni.

Kuhamisha usukani nako kuna hatari zake. Pedali, pampu kuu ya breki na mabomba yake huhamishwa pia. Mara nyingine hufungwa pampu ya gari la aina nyingine yenye kipenyo tofauti, na hapo presha inayotoka kwa mkanyago uleule hubadilika. Mabomba ya mbele na ya nyuma yakibadilishana nafasi, mgawanyo wote uliopangwa kiwandani huvurugika.

Marekebisho yanawezekana Baraka

Marekebisho mengi hayahitaji vipuri vya gharama. Kwanza breki zote ziwe nzima: dramu za nyuma zimekazwa vizuri, hakuna hewa kwenye mabomba, na matairi ya ekseli moja yanalingana. Kurekebisha mgawanyo kabla ya hapo ni kuficha ugonjwa.

Kisha fimbo ya valvu irudishwe kwenye pembe yake ya awali. Gari lililoinuliwa kwa sentimita tano linahitaji kishikio cha fimbo kwenye ekseli kiinuliwe kwa kiasi hichohicho. Kwenye Toyota nyingi kiungo cha fimbo kina nati za kurekebisha: kukirefusha huongeza presha ya nyuma, kukifupisha huipunguza. Njia sahihi ni kufunga vipima presha viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kufuata vipimo vya kitabu cha gari. Gari lililoongezwa vyuma vya springi ni gumu zaidi, kwa sababu mpangilio unaofaa likiwa tupu haufai likiwa limejaa. Hapo suluhisho la uhakika ni kurudi kwenye springi za awali na mzigo wa awali. Valvu ya kuzungusha kwa mkono haisaidii sana, maana nayo haijui gari limebeba nini.

Kipimo cha mwisho hufanyika mahali tambarare, pakavu, pasipo watu. Gari likiwa tupu kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, dereva hukanyaga kwa nguvu huku mtu mwingine akitazama kutoka mbali. Nyuma ikifunga kabla ya mbele, gari hilo halipaswi kushuka mlima.

Karatasi na hali halisi

Kwenye vizuizi vya barabarani dereva huulizwa karatasi. Karatasi haiwezi kuonyesha kama valvu imeondolewa. Lakini polisi wa usalama barabarani akiinama chini ya pikapu kwa dakika moja ataona kama fimbo ipo, imelegea au imefungwa kwa waya. Tume ya taifa ya kuzuia ajali, CNPR, pamoja na chama cha madereva ACCO, wangeweza kulifanya jambo hilo kuwa sehemu ya ukaguzi bila kusubiri mashine za gharama.

Mkoa huu unajua gharama ya gari moja kupinduka katikati ya watu. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara hii hii kaskazini mwa Uvira, likalipuka na kuua watu zaidi ya 230. Sange haitajwi hapa kama ajali ya breki. Inatajwa kwa sababu barabara hii hupita katikati ya masoko na makazi, kuanzia Makobola na Mboko hadi kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015. Gari linaloshindwa kusimama huko haliui waliomo peke yao.

Ubovu wa barabara na vita haviko mikononi mwa fundi wa Baraka. Fimbo ya valvu iko mikononi mwake. Mwenye gari anayelipia vyuma vya springi anapaswa kuuliza, kabla gari halijatoka garaji, breki za nyuma zimefanywa nini.