Panda Mti Mmoja Kwanza



Je, unaufahamu mzingefuri? Wengine huuita mrangi. Ni mti mdogo. Maua yake ni meupe au ya waridi. Matunda yake yana miiba laini kama nywele. Ukilipasua tunda lililokomaa, utakuta mbegu nyingi zenye utando mwekundu. Ukizishika, vidole vyako vitakuwa vyekundu. Utando huo ndio rangi.

Asili ya mti huu ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Siku hizi uko pia kwetu pwani. Unguja huonekana katika mashamba ya viungo. Huko Kwale, nchini Kenya, wakulima wameupanda ili wauze mbegu. Viwanda hutia rangi yake katika siagi, jibini na vyakula vingine.

Watu wakisikia habari hii, wengine hutaka kupanda shamba zima mara moja. Mimi nasema: ngoja. Panda mti mmoja kwanza, hapo nyumbani kwako. Nina sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni chakula. Muhogo ukikosa mnunuzi, utaula. Mbegu za rangi hazishibishi mtu. Mzee mmoja wa darasa letu aling'oa muhogo wake wote, akapanda mizingefuri. Miti ilizaa vizuri. Msimu mmoja mnunuzi hakuja. Magunia yalikaa ndani mpaka rangi ikafifia. Nyumbani hapakuwa na muhogo, wala fedha. Mti haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kutegemea zao moja na mnunuzi mmoja.

Sababu ya pili ni kujifunza. Mti mmoja utakufundisha kazi yote. Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Chimba shimo, changanya udongo na samadi iliyooza. Panda mche wa mbegu au kipandikizi. Mti mkubwa hutanda, kwa hiyo uache nafasi ya mita 4 au 5 kutoka mti mwingine. Mwagilia wakati wa kiangazi. Palilia, na weka majani makavu kuzunguka shina. Mche wa mbegu huanza kuzaa baada ya miaka 2 au 3. Vuna matunda yakiwa ya kahawia na yanaanza kupasuka. Ukichelewa, mvua itaharibu rangi. Ukisha kuvuna, pogoa matawi, nao utachipua upya. Mbegu zikaushe vizuri, lakini usiziache juani siku nyingi. Jua hula rangi. Kisha ziweke mahali pakavu penye giza.

Sababu ya tatu ni matumizi ya nyumbani. Pasha mafuta nusu kikombe kwa moto mdogo. Tia kijiko kimoja cha mbegu, ukoroge. Mafuta yakiwa na rangi ya machungwa, epua na uchuje. Usiyaache yaungue. Mafuta hayo yatapendezesha wali na mchuzi.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu wako watu wanaotia katika chakula rangi ya ukili au ya nguo. Hiyo ni hatari. Mwaka 2003 nchi za Ulaya zilikuta rangi ya viwandani iitwayo Sudan 1 ndani ya pilipili ya unga. Zikaizuia, kwa sababu rangi hiyo haifai kuliwa. Wewe sasa unajua kusoma. Soma pakiti kabla ya kununua. Kama haikuandikwa kwamba ni ya chakula, usiwape watoto wako.

Mti wako ukizaa vizuri, ndipo ufikiri habari ya kuuza. Kwanza mtafute mnunuzi, halafu ndipo uongeze miti. Muulize: Atanunua kilo moja kwa bei gani? Atakuja lini? Atalipa siku ile ile au baadaye? Waulize pia waliokwisha kumuuzia. Ongeza miti mpakani, na shamba la chakula liache kama lilivyo. Mkiwa wengi kijijini, uzeni pamoja. Mtu mmoja mwenye gunia moja hana nguvu ya kukataa bei mbaya.

Zamani wengi wetu tulitia dole gumba kwenye karatasi tusizozijua. Leo soma mkataba mpaka mwisho ndipo uandike jina lako. Siku ya kuuza, soma mizani mwenyewe, uandike kilo zako katika daftari.

Haraka haraka haina baraka. Anza na mti mmoja, ukutunze nao uutunze.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mzee yule alikosa chakula na fedha?
2. Kwa nini mbegu za mzingefuri zisiachwe juani siku nyingi?
3. Kabla ya kuandika jina lako katika mkataba, utauliza nini?